Kidude Kilichochemshwa Sufuriani

Mimi nina mdomo, sikatai. Mtaa mzima wa magereji unajua. Wateja wakinikuta nimelala chini ya gari wanaisalimia miguu yangu kwa adabu, utadhani wanamsalimia mkwe. Baba husema mdomo huu nimeurithi kwa mama, na mama husema hapana, huo ni wa upande wenu. Lakini siku ninayotaka kuisimulia mdomo wenyewe ulinifia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Ilianza na simu. Mama mkubwa, dada yake mama, anaishi juu mlimani. Ndiye aliyemlea mama tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, maana mama yao alifariki mapema. Mtoto wake wa kiume, ambaye mimi namwita kaka, alipiga simu akasema, "Mama hali tena chakula. Anamwita mdogo wake. Asubuhi anamwita, jioni anamwita. Kama mnaweza kuja, njooni sasa."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu. Alianguka bafuni mwaka jana, nyonga ikavunjika na haikuunga sawasawa, kwa hiyo safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, na fimbo mkononi. Pikipiki hawezi kuipanda. Magari ya kawaida yanaishia darajani chini, maana mvua zimeitafuna ile barabara ya mlimani imebaki mifupa. Mama akanitazama mimi, kisha akatazama nje ya dirisha, pale ukutani alipoegeshwa Ajuza.

Ajuza ni gari letu. Ni gari la kazi, refu, la dizeli, lenye ile gia ya pili ndogo ya kupandia milima. Enzi zake alikuwa anapanda mahali ambapo mbuzi anafikiria mara mbili. Siku hizo tulikuwa tumemfunika turubai, na nyuma kulikuwa na kuku aliyeatamia mayai na kuona kwamba hapo ndipo kwake.

"Atafufuka?" mama akauliza.

"Atafufuka," akajibu baba kabla yangu.

Sasa nikueleze kuhusu baba. Mtaani wanamwita Fundi Mkuu, na si jina la kubandikwa bure. Mafundi wote unaowaona pale, wenye vitambi na wasio navyo, wamepita mikononi mwake. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia ugonjwa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Ikaanza kidogo kidogo, chai ikamwagika hapa, bolti ikaanguka kule, hadi siku moja akaniachia spana akaenda kukaa kwenye kiti cha gari bovu mlangoni mwa gereji. Tangu hapo anatengeneza magari kwa mdomo. Mikono ni yangu.

Nilimtimua kuku, nikaanza. Betri ilikuwa imekufa kifo cha haki. Dizeli ilikuwa na tope, breki zimeng'ang'ania, mipira imepasukapasuka kama visigino vyangu. Hayo yote ni mambo ya kawaida, unatukana kidogo, unabadilisha. Ajuza akawaka. Akakohoa moshi mweusi, baadaye mweusi ukaisha ukaja mweupe, na huo mweupe haukwisha. Nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa yanatoa mapovu kama sufuria ya maharage.

Baba akainuka kwenye kiti chake, akaja na bisibisi yake. Nilimshikia mkono usicheze. Akasikiliza.

"Gasketi ya kichwa," akasema. "Imeungua katikati, si mwanzoni wala mwishoni. Fungua utaona."

Nikafungua, nikaona. Ilikuwa imeungua katikati vilevile alivyosema. Hilo nampa, na nitampa mpaka nife.

Lakini gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya chuma na chuma, haiungui yenyewe. Gasketi kuungua ni homa tu, lazima umtafute mbu. Nikapeleka kichwa cha injini kikasawazishwa, nikarudi kutafuta mbu, na nikampata mahali palipokuwa patupu. Pale kwenye mdomo wa njia ya maji, mahali pa kukaa thamostati, hapakuwa na kitu.

"Baba, thamostati iko wapi?"

"Niliitoa zamani."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu. "Na joto hili letu? Kile kidude kimetengenezewa nchi za barafu. Huku kinazuia maji tu. Toa, maji yapite yapendavyo, injini ipumue."

Na hivyo ndivyo alivyowafundisha mafundi wote wa mtaa. Gari likiingia kwa ajili ya kitu chochote, hata taa, linatoka halina thamostati, na mwenyewe anashukuru. Kwa injini nyingi hakuna madhara makubwa. Lakini injini ya Ajuza ina njia mbili za maji. Kuna ndefu inayoyapeleka kwenye rejeta yakapoe, na kuna fupi inayoyarudisha humohumo ndani. Kidude kikipata moto kinafungua ile ndefu, na palepale kwa upande wake wa chini kinaiziba ile fupi. Ukikitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na maji nayo yanapenda njia ya mkato kama sisi. Yanazunguka ndani yakiwa ya moto, rejeta imekaa pale mbele kama bosi, haina kazi. Ukiwa mjini kwenye tambarare huwezi kujua. Mpandishe mlima na mzigo ndipo utajua.

Nilimweleza baba haya yote. Nilimchorea kwa kidole kwenye vumbi. Akasema, "Nimefungua injini hizi kabla mama yako hajakuzaa."

"Ndiyo maana zinaungua tangu kabla sijazaliwa!"

"Shika adabu yako."

Nikashika adabu, nikaenda dukani nikanunua thamostati mpya. Kitu kipya nacho huwa sikiamini mpaka nikipime. Nikakifunga uzi, nikaingia jikoni, nikateka maji kwenye sufuria ya mama ya uji, nikabandika jikoni.

"Ala! Leo mnanipikia chuma?" mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Subiri uone."

Nikamsogezea kiti karibu. Maji yakaanza kuimba, yakachemka, na kidude kikaanza kufunguka taratibu ndani ya sufuria. Mama akashika mdomo. "Kinafumbua mdomo kama kifaranga!" Nikakitoa kwa uzi wake, kikapoa, kikafumba. Akataka nirudie. Nikarudia. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile simu.

"Kwa hiyo huyu ndiye atakayenifikisha kwa dada?"

"Ndiye huyu, mama."

Akaomba akishike. Akakigeuzageuza kiganjani, akanirudishia. Baba alikuwa amesimama mlangoni ameegemea fremu, ametuona wote wawili. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Haya," akasema. "Fundi ni wewe."

Baba yangu kukubali upesi namna ile! Lakini nilikuwa na haraka, na kwa kweli nilifurahi. Nikakipachika kidude mahali pake kwa mikono yangu, nikakaza. Nikamzungusha Ajuza barabara ya nyuma ya mtaa, akatulia kama maji ya mtungini.

Kulipopambazuka nilimkuta baba ameshaamka. Amevaa ovaroli yake ya zamani, iliyofuliwa, boneti iko wazi, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, na chini ya injini pamelowa.

"Naongeza maji tu," akasema. "Penye wazee haliharibiki jambo."

Nikamtania, "Mzee umerudi kazini?" Akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa. Niliona raha, nasema kweli. Nilifunga boneti bila hata kutazama.

Tukamweka mama mbele, mito miwili chini ya nyonga. Baba akakaa nyuma, kichwa chake katikati yetu. Mama alikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi amekishika kwa mikono miwili.

"Nitampaka miguu," akasema. "Yeye alikuwa akinipaka usiku wa baridi, nalia, ananiimbia. Sasa miguu yake itakuwa imekauka, hao vijana hawajui kupaka."

Tambarare yote Ajuza alikwenda vizuri. Tukavuka daraja, tukayaacha magari mengine yameegeshwa pale chini, baba akawapungia mkono madereva kama rais. Nikaingiza ile gia ndogo, tukaanza kupanda.

Barabara ile ni utelezi upande huu na korongo upande huu. Unashika usukani kwa maombi. Tulipokuwa katikati ya mwinuko nikaona mshale wa geji ya joto umeanza kunyanyuka.

"Baba, joto linapanda."

"Endelea! Ukisimama kwenye utelezi huu hutaondoka tena. Na geji hiyo ilianza kusema uongo mama yako akiwa hana mvi."

Kuhusu utelezi alisema kweli. Na mimi nilikuwa namwamini yule kifaranga wangu. Nilijiambia, kidude kipya, rejeta imesafishwa, gasketi mpya, geji ndiyo imezeeka. Nikaendelea, macho yamo barabarani na moyo umo kwenye ule mshale. Tukafika kwenye kona moja yenye kijinafasi, na hapo Ajuza mwenyewe akaamua. Nguvu zikamwisha. Injini ikagonga kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi, mvuke ukatoka pande zote za boneti, akatetemeka, akazima.

Kimya. Chini kabisa ulisikika mto.

"Lile bati jekundu," mama akasema akionyesha juu kwa kidole. "Ni pale. Unaliona?"

Nililiona. Mtu mzima wa miguu angefika kabla chai haijapoa. Mama hana miguu.

Nikampigia kaka. Akasema mama mkubwa bado anauliza, naye kaka anatafuta vijana waje na kitanda cha kubebea, lakini wengi wako mashambani, itachukua muda. Nikafungua boneti. Baba akaja akachungulia, akasema ni maji tu, apoe tumwongeze. Akachukua dumu akaanza kuteremka kwenda mtoni. Nikamwambia niende mimi. "Wewe kaa na mama yako," akasema, na akaenda akishikilia vichaka.

Nikavuta kijiti cha kupimia oili. Kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, kichwa kimepasuka. Sikuhitaji bisibisi sikioni. La kuvunda halina ubani, na Ajuza alikuwa amevunda.

Kisha nikaweka kiganja kwenye rejeta. Injini ilikuwa inaunguza hata hewa iliyo juu yake, lakini rejeta ilikuwa vuguvugu. Unaweza kuilalia. Rejeta kuwa vuguvugu wakati injini inaungua maana yake maji hayafiki huko, na maji hayafiki kwa sababu kuna kitu kimekataa kufunguka. Kidude changu. Kimekwama. Kilifumbua mdomo sufuriani, kikaja kuufumba mlimani. Na baba alinionya, na mimi nikambishia mbele ya mama, nikamchorea kwenye vumbi kama mwalimu.

Nilichukua spana nikaanza kufungua huku nalia. Bolti zilikuwa za moto nikaungua vidole na sikujali. Nikang'oa kile kifuniko.

Hapakuwa na kidude.

Nilitazama, nikaingiza kidole, nikatazama tena. Patupu. Na kwenye ukingo kulikuwa na gasketi ambayo si yangu. Ya kwangu niliikata kwenye karatasi ya dukani. Hii ilikuwa imekatwa kwenye boksi la sabuni, imepakwa grisi nyembamba, matundu yote mahali pake, ukingo umenyooka. Kazi safi mno. Mtaani kuna mtu mmoja tu anayekata gasketi za boksi namna ile. Nikafikiria ile mikono yake, jinsi isivyoweza kubeba kikombe, nikafikiria mkasi na lile boksi na zile bolti gizani kabla hatujaamka. Sijui alianza saa ngapi.

"Kile cha sufuria kimekufa?" mama akauliza. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi, alikuwa ananitazama muda wote.

"Hakimo, mama."

"Ulisahau kukiweka?"

"Sikusahau."

Akatazama kule baba alikoteremkia. "Alfajiri nilimsikia anaamka," akasema taratibu. "Nikamuuliza, unakwenda wapi na hiyo mikono yako? Akaniambia, nakwenda kuhakikisha unafika kwa dada yako."

Simu ikalia. Alikuwa kaka, na kabla hajasema neno nilisikia vilio nyuma yake. Nikampa mama. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Mfumbeni macho," akaiweka simu mapajani karibu na kile kichupa. Hakupiga yowe. Alikizungusha kifuniko cha kichupa, kukifungua na kukifunga, kukifungua na kukifunga.

"Sasa nitampaka nani?" akasema.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoamka. Spana ilikuwa bado mkononi. Nikageukia upande wa mto.

"Unakwenda wapi?"

"Namfuata. Namwambia alichofanya. Leo atanisikia!"

"Kaa chini."

"Mama! Tungefika! Tungekuwa tumeshafika zamani, ungekuwa umemshika mkono! Kwa ubishi wake, kwa ujuaji wake wa..."

"Nimesema kaa chini." Hakupandisha sauti. "Leo nimefiwa na dada. Unataka nifiwe na mume pia leo hii?"

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, matopeni.

"Yule mikono imemwacha," mama akasema. "Watu wamemwacha, wanamsalimia wanapita. Kabaki na kile anachokijua. Ukikichukua na hicho, utanirudishia nini nyumbani?"

"Na mimi je? Atarudi mtaani atawaambia wote nilikifunga kichwa vibaya. Atasema sikukaza bolti. Mimi ndiye ninayekula kwa mikono hii, mama!"

"Atasema," mama akakubali, na machozi sasa yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Na wewe utanyamaza. Najua ninachokuomba ni kikubwa. Mimi ndiye niliyenyimwa, mwanangu, si wewe. Kama ni kudai, mwenye kudai ni mimi, na mimi sidai. Funga hicho kitu kabla hajafika."

Nikafunga. Nilirudisha ile gasketi ya boksi la sabuni, nikakaza bolti zote, nikafuta alama za vidole vyangu kwa tambara. Nilifunga vizuri, sijui kwa nini, wakati injini yenyewe ilikuwa maiti.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Anapumua kwa shida, vichaka vinavunjika. Akatokea suruali imelowa mbele yote, dumu amelikumbatia kifuani kama mtoto.

"Nusu imenimwagikia njiani," akasema, "lakini nusu inatosha. Ajuza si mlafi." Akamwona mama uso umelowa. "Ah, bibie, usilie. Apoe kidogo tu, tutafika jua likiwa bado juu. Dada yako ni mgumu yule, atatusubiri."

Mama alimtazama mumewe kwa muda. Akakiweka kile kichupa ndani ya nguo yake, kifuani.

"Mimina maji, Fundi," akasema.

Nilikuwa na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, tunaitumia kumiminia. Nikaigeuza, nikaishika juu ya mdomo wa rejeta. Baba akainua dumu. Mikono yake ilitetemeka, maji yakaenda kwenye vidole vyangu vilivyoungua, kwenye feni, kwenye viatu, na kidogo yakaingia. Yaliyoingia yalikuwa yanatafuta ufa. Baada ya muda nikaanza kusikia nyuma ya gari, kwenye bomba la moshi, tone linaanguka, halafu jingine.

Baba hakusikia. Alikuwa ameinama karibu yangu, akanong'ona ili mama asisikie.

"Nikuambie kitu, usikasirike. Kile kidude chako nilikitoa alfajiri." Akapiga mfuko wa ovaroli yake, kikagonga humo. "Nilikuona ulivyofurahi na mama yako, sikutaka kubishana tena. Lakini hebu fikiria, mwanangu. Kingekuwamo na joto hili, si tungekwama kulekule darajani?"

Akanigeuzia uso. Macho yake yalikuwa yanangoja, kama wanavyongoja wale anaowafundisha wakimaliza kazi na kumwita aje atazame. Mama alikuwa anatutazama kupitia mlango wake uliokuwa wazi.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Tungekwama darajani."

"Ee," akasema, akashusha pumzi, akainua tena dumu. "Shika chupa vizuri."

Nikaishika.